Pumzi Chini ya Kitanda cha Balozi

Balozi hakubisha hodi mlangoni. Alibisha dirishani kwa ncha ya fimbo, asubuhi watu wanapoanza kuwasha moto, na kama dirisha halikufunguka alilisukuma mwenyewe kutoka nje.

"Mama Neema! Bado umo mtungini?"

"Nimeamka, Balozi. Shikamoo," nilimjibu.

"Marahaba. Sikuuliza kama umeamka. Nimeuliza kama umefungua."

Kisha alikwenda nyumba inayofuata. Mwanzoni watu walichukia. Jirani mmoja alimmwagia maji ya kunawia kupitia dirisha hilohilo. Balozi alijifuta kwa mkono wa koti, akasema, "Ahsante, leo nilikuwa sijanawa," akalisukuma dirisha mpaka likagonga ukuta.

Naandika haya kwa sababu ameshatutoka, na kwa sababu msibani kwake yalisemwa maneno mengi mazuri ambayo hayakuwa yeye. Walisema hakuwa na siri. Alikuwa nayo. Walisema alimwogopa Mungu peke yake. Aliogopa pia kitu kingine, na alilala nacho. Nyumba yangu inatazamana na ukuta wa chumba chake cha kulala. Kwa miaka kadhaa dirisha la chumba hicho lilikuwa limezibwa kwa tofali na udongo. Mtu aliyefungua madirisha ya wenzake kwa fimbo alilala katika chumba kisichokuwa na dirisha. Sijui namna nyingine ya kuanza kumweleza.

Kitongoji chetu kiko bondeni, kando ya mto mdogo, mwendo wa bodaboda kutoka Katoro. Kiangazi mto unabaki madimbwi, masika unakuja mpaka kwenye migomba. Yeye alikuwa balozi wetu wa nyumba kumi kwa muda mrefu hivi kwamba nyumba zilishazidi kumi na hakuna aliyejisumbua kumwambia. Alivaa kofia ya sufu hata jua likichoma. Alivuta tumbaku ya kusokota, akiifunga kwa karatasi yoyote aliyoipata. Akisalimiwa kwa Kisukuma alijibu kwa Kiswahili, na akisalimiwa kwa Kiswahili mara nyingi alijibu "mwangaluka", salamu ya asubuhi ya Kisukuma, hata kama jua limeshapinduka. Wageni walidhani hasikii vizuri. Alisikia kuliko sote.

Kesi alizimaliza kwa sentensi moja. Wanawake wawili waligombana kwa sababu kuku wa mmoja alikuwa akitagia uvunguni mwa kitanda cha mwingine. Walipelekana kwake na kuku mkononi. Balozi aliwasikiliza mpaka wakakaukiwa, akamtazama kuku, akasema, "Huyu amehama. Kosa lake ni moja tu, hakuja kwangu kuchukua barua ya utambulisho." Wale wanawake walicheka, na kesi ikafia hapo. Alipenda kusema, "Kesi yenye kelele nyingi ina mwizi mdogo." Wezi wakubwa, alisema, huja kimya na wala hawafungui mlango.

Jambo lililomfanya ajulikane hata vitongoji vya mbali ni mvua. Balozi aliijua mvua. Anga ingeweza kuwa nyeupe kama bakuli, nasi tumetandaza udaga wa mihogo na michembe ya viazi kwenye mawe, naye akapita akisema, "Anueni." Walioanua walishukuru. Waliompuuza walikula udaga wenye ukungu. Watu walisema ana dawa, wengine walisema masamva, yaani mizimu ya kwao, wanamwambia. Yeye hakukubali wala kukataa. Nilimuuliza mara moja anajuaje. Alitazama chini, si juu kama watu wote wanapozungumzia mvua.

"Nyumbani panapumua," alisema.

Nilidhani ni msemo wa wazee.

Nilikiona chumba chake siku mkewe alipoumwa miguu akaniomba nikamtolee shuka za kufua. Ilikuwa mchana, lakini kwa kuwa hapakuwa na dirisha niliingia na koroboi. Nje palikuwa na joto la kutoa jasho. Mle ndani palikuwa na baridi, na baridi yenyewe ilikaa chini. Ilinishika miguu, ikaishia magotini. Niliiweka koroboi sakafuni ili nikunje shuka. Moto wake ulilala upande mmoja, kama unavyolala mtu anapoupuliza polepole. Nikauhamishia upande wa pili wa kitanda. Ukalala tena, safari hii ukielekea huku nilikotoka. Kila nilipouweka, uliinama kuelekea mbali na kitanda.

Paka wao alisimama mlangoni akinitazama. Hakuvuka kizingiti. Mkewe aliniambia baadaye kwamba hajawahi kuvuka.

Nilipotoka na shuka, Balozi alikuwa uani. Hakuniuliza nimeona nini. Alisema, "Kesho msifue. Itanyesha." Ikanyesha.

Hapa lazima niseme habari ya Masanja, mwanawe, maana bila yeye Balozi haeleweki.

Dhahabu ilipoonekana ng'ambo ya mto, watu wetu walianza kuchimba ndani ya nyumba. Asiyekuwa wa huku anaweza kushangaa, lakini sisi tuliona ni akili. Nje ukichimba, kabla hujafika kiunoni umeshapata wabia ambao hukuwaita, na kijiji kinakuja kuuliza kibali. Ndani hakuna anayeona. Unasogeza kitanda, unafungua duara, yaani shimo la kuchimbia, unamshusha mtu kwa kamba, na udongo unaumwaga mtoni. Mawe yanakwenda karasha kusagwa. Mchanga unaobaki baada ya kuoshwa ni laini na mzuri, kwa hiyo tuliuchanganya na saruji tukasakafia vyumba. Misingi tuliijenga kwa magwangala, yale mawe ya mgodini yaliyotupwa. Tulikuwa tumejenga mgodi ndani ya nyumba na nyumba ndani ya mgodi, na usiku tulifunga kila tundu kwa kuogopa wezi na ukungu wa mto.

Balozi ndiye aliyepita nyumba kwa nyumba akikataza maduara ya ndani. Alikuwa mkali kwa hilo. Na wakati akikataza, chini ya kitanda chake mwenyewe Masanja alikuwa ameshafika kina cha kisima na kuanza kwenda mlalo. Tulijua. Nilisikia nyundo. Wiki nzima ilitembea chini ya jiko langu, tok, tok, nami nikipika juu yake. Nilimwambia Balozi, "Kuna panya mkubwa chini yangu." Akajibu, "Panya wa baba yake. Atahama."

Masika yale mto ulipanda upesi, na maji yakapata njia ya kuingia shimoni, Masanja akiwa chini. Aliyeshika kamba juu alikuwa Balozi. Alisema kamba ilitikisika, kisha ikawa nyepesi. Wanaume walichimba mpaka ukuta wa nyumba ukapasuka na maji yakawa yanaingia kuliko ndoo zinavyotoa. Wakasimamishwa, la sivyo tungezika wengine. Padre alisali akiwa kwenye kizingiti cha chumba. Shimo likafunikwa kwa mbao nene, juu yake magwangala, juu yake saruji nyembamba. Mke wa Masanja, mwenye mimba kubwa, alirudi kwao Runzewe akajifungua mapacha.

Kwetu mtu akifa tunazika nyumbani, tunakaa matanga, tunaondoka. Msiba ule haukuwa na kaburi, na Balozi hakuondoka. Alirudisha kitanda mahali kilipokuwa, juu ya mbao zile, akaziba dirisha. Mkewe alipomuuliza kwa nini, alisema, "Asiyezikwa halali peke yake."

Baridi iliyokuwa ikipanda kwenye ufa wa sakafu, yeye aliiita pumzi ya Masanja. Kabla ya mvua ilizidi. Hiyo ndiyo iliyokuwa dawa yake ya mvua. Mimi baada ya kulijua hilo nilikuwa nikisimama jikoni kwangu na kusikiliza sakafu. Sikusikia kitu. Lakini sikuacha kusikiliza.

Vikopo vya kupimia hewa vilikuja mapacha wakiwa wameshaanza kukimbia, Kulwa na Doto, msichana na mvulana. Mama yao alikuwa amerudi nao kumsaidia mkwewe mwenye miguu mibovu. Balozi aliwapenda wale watoto kupita kiasi. Alitandika godoro lao sakafuni, kando ya kitanda chake. "Walale karibu na baba yao," alisema. Mama Kulwa alilala chumba cha pili. Hakupenda, lakini ni mkwe, angesema nini?

Walioleta vikopo ni Bwana Afya wa kata na dada mmoja kutoka mjini aliyekuwa akipima nyumba. Kikopo chenyewe ni cha plastiki, kidogo kuliko kikombe cha kahawa, cheusi. Unakiacha chumbani msimu mzima, kisha kinapelekwa maabara. Mkutano ulifanyika uwanja wa shule, Balozi akiwa mbele na kofia yake.

Dada yule alieleza taratibu. Kuna gesi inaitwa radoni. Inatoka kwenye udongo na miamba, na miamba mingine inatoa zaidi. Nje inapotea hewani. Ndani ya nyumba iliyofungwa, hasa yenye nyufa sakafuni, inakusanyika. Haina rangi, haina harufu, haiwashi macho. Mtu akiivuta miaka mingi inaweza kumletea saratani ya mapafu, na akiwa mvuta sigara hatari inazidi.

"Haionekani, haina harufu, inaingia nyumbani mmelala," alisema kijana mmoja wa karasha. "Dada, huyo si gesi. Huyo tunamjua. Sema tu unamtafuta nani."

Watu walicheka sana. Kisha kicheko kikakatika chenyewe, maana bibi mmoja mwenye macho mekundu kwa moshi wa miaka yote alikuwa amesimama.

"Mimi sikitaki hicho kikopo," alisema. "Kikionyesha kwangu, mtasema mimi ndiye niliyeileta."

Kila mmoja pale alijua mabibi wenye macho kama yake wamefanywa nini katika nchi yetu kwa kuitwa wachawi. Balozi ndiye aliyeinuka.

"Bibi, kikopo hakitaji jina la mtu. Kinapima nyumba. Na atakayetaja jina la mtu kwa ajili ya kikopo, kesi yake nitaisikiliza mimi, na siku hiyo sitacheka." Akamgeukia yule dada. "Nipe cha kwanza mimi."

Akakipokea mbele ya watu wote. Kwa sababu yake tulipokea sote, hata yule bibi. Hilo nalikumbuka kwa heshima. Nakumbuka pia kwamba alikwenda kukitundika jikoni, kwenye banda la fito ambalo upepo unapita kutoka kila upande.

Majibu yalipokuja, Bwana Afya alipita mlango kwa mlango. Nyumba nyingi zilikuwa na gesi hiyo kuliko inavyofaa, yangu ikiwemo. Alituambia tuzibe nyufa za sakafu, tusifunge nyumba kama tunavyofunga, na wenye maduara ya zamani ndani waseme. Hakuna aliyesema. Kwa Balozi jibu lilikuwa safi kabisa. Kesho yake asubuhi ndipo fimbo ilipoanza kugonga madirisha yetu.

Nimefikiria sana alikuwa akifanya nini asubuhi zile. Wapo waliosema ni unafiki. Mimi sioni hivyo. Nadhani aliiamini kila sentensi ya yule dada, kwa nyumba zote isipokuwa moja. Kwetu ilikuwa gesi. Kwake ilikuwa mtoto wake.

Mkewe ndiye hakuvumilia. Ni mwanamke mnene, mpole, ambaye sikuwahi kumsikia akimpinga mumewe mbele ya mtu. Siku moja Bwana Afya alikuwa akipita na baiskeli, naye akamsimamisha mbele ya nyumba yangu, si ya kwake.

"Kile kikopo kilipima moshi wangu," alimwambia. "Nipe kingine, na usimwambie mzee."

Alikining'iniza uvunguni mwa kitanda, karibu na vichwa vya wajukuu.

Siku ya jibu la pili nilikuwa kwao, tunamenya mihogo uani, mimi, Bibi, yaani mke wa Balozi, na Mama Kulwa. Mapacha walikuwa wakifukuzana na bata. Bwana Afya na yule dada walikuja kwa miguu, na nilipoona wamevua kofia kabla ya kufika nilijua. Waliamkia, wakakaa. Balozi aliwakaribisha kwa utani wake.

"Mwangaluka! Mmekuja kunipa cheti? Nyumba safi kuliko zote mtoni!"

"Balozi," alisema Bwana Afya, "tumekuja kwa ajili ya chumba chako."

"Kikopo changu kilikaa jikoni. Jiko halina ubaya."

"Mimi nilitundika kingine chumbani, baba Masanja," alisema Bibi. Hakuinua macho kwenye mhogo. Kisu chake kiliendelea kumenya.

Yule dada alisema hajawahi kuona jibu kama lile katika nyumba anayolala mtu. Alisema mwanzo alidhani wamekosea maabara. Akauliza kama kuna shimo chini. Sote tulitazama ule ukuta wenye dirisha la tofali, na hilo likawa jibu.

"Watoto wanalala wapi?" aliuliza.

"Kwa baba yao," alisema Balozi.

Mama Kulwa aliweka kisu chini. "Baba," alisema, "watoto watahama chumba kile leo."

"Hawataenda popote."

"Basi watahama nyumba. Nitarudi nao Runzewe, na safari hii sitarejea. Mume nimempoteza kwenye shimo hilo. Hawa sikupi."

Nilitamani kuwa mahali pengine. Mkwe kumsemesha baba mkwe vile, mbele ya wageni! Balozi alisimama. Tulingoja atukane. Aligeuka kwa Bwana Afya, akauliza kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kuisikia kwake:

"Mnataka nimzibe pumzi?"

Bwana Afya hakuelewa. Yule dada alielewa, au alibahatisha vizuri. Alisogeza kigoda chake karibu naye.

"Hapana, babu. Tukiziba tu, itatafuta ufa mwingine. Tunaipa njia. Tunapitisha bomba kutoka chini ya sakafu, linatoka ukutani, linapanda mpaka juu ya paa."

"Linaanzia shimoni kabisa?"

"Shimoni kabisa."

"Na juu haliwi na kizibo?"

"Kofia ndogo ya kuzuia mvua tu."

"Kwa hiyo atatoka."

"Hewa itatoka, babu."

"Ndiyo ninayosema," alijibu Balozi.

Aliingia chumbani, akatoka ameburuta godoro la watoto mpaka uani, akalianika juani. Mama Kulwa alilichukua, akalipeleka chumbani kwake. Nilimwona analia huku anatandika.

Fundi alipovunja sakafu tulikuwa mlangoni. Alipoinua ubao wa mwisho, alirudi nyuma mpaka akagonga ukuta. Ilipanda baridi yenye harufu ya udongo wa zamani na maji yasiyoona jua, na kilemba changu kikacheza kichwani. Balozi alivua kofia yake ya sufu. Sikuwahi kumwona bila kofia, hata kanisani. Alichota unga wa mtama kwenye kibuyu, akaunyunyiza mle ndani na maji kidogo, akasema kwa Kisukuma maneno machache ambayo sitayaandika. Kisha akamwambia fundi, "Endelea. Amekubali."

Bomba lilikuwa la kawaida, la maji machafu, la kijivu. Ufa ulizibwa, sakafu ikafanywa upya, tofali za dirishani zikatolewa. Baadaye wenye maduara wengine walijitokeza mmoja mmoja, wakitazama pembeni, kuomba mabomba. Yule dada alikipima tena chumba, akasema kimepona. Paka aliingia siku ya tatu au ya nne, akalala katikati.

Jambo ambalo hakuna aliyetutayarisha kwalo ni sauti. Siku za kawaida bomba lilikaa kimya. Kabla ya mvua lilianza kuvuma, chini kwa chini, kama mtu anayepulizia chupa akiwa mbali. Wapitao barabarani waliharakisha. Balozi alihamisha kigoda chake, akawa anakaa pale, mgongo ameegemeza kwenye bomba. Akisikia linavuma alimwambia yeyote aliyepita, "Anueni." Na watoto wakicheza pale aliwafukuza kwa upole, akisema, "Hapana, ninyi huko, kwenye upepo."

Kikohozi chake kilikuwa cha zamani, lakini sasa kilimkondesha. Walimpeleka hospitali kubwa Mwanza. Mapafu, walisema madaktari, na kwamba tumechelewa kumleta. Watu hapa wanasema ni ile gesi iliyomuua. Mimi siwezi kuapa. Alivuta tumbaku maisha yake yote. Alifanya kazi karasha kabla ya ubalozi, akila vumbi la mawe. Na alilala miaka juu ya shimo. Daktari hakusema ni kipi, nami si daktari. Najua tu kwamba watoto walitolewa mle wangali wadogo, na kwamba aliyewatoa mwishowe ni yeye kwa mikono yake.

Asubuhi ya mwisho niliyomwona haikuwa na fimbo dirishani. Zilikuwa zimepita asubuhi nyingi bila fimbo. Nilichukua uji wa ulezi nikaenda. Alikuwa kwenye kigoda chake, koti limemzidi, kofia imemfika machoni, mgongo kwenye bomba. Aliketi kama mtoto aliyebebwa, kana kwamba bomba ndilo lililombeba. Anga ilikuwa nyeupe, hakuna jani lililotikisika. Bibi na Mama Kulwa walikuwa wakitandaza udaga kwenye mawe.

"Shikamoo, Balozi."

"Mwangaluka, mayu," alijibu, akiniita mama kwa Kisukuma. Alikunywa uji kidogo, akarudisha bakuli. "Mama Neema, masikio yangu siku hizi yana maji. Hebu weka sikio hapa. Wale," akaonyesha kwa kidevu wanawake wa nyumba yake, "wananiambia ninachotaka kusikia."

Niliinama, nikaweka sikio kwenye bomba, pale kando ya bega lake. Plastiki ilikuwa ya baridi. Nilisubiri. Ningeweza kusema nasikia. Nilimwona anavyonitazama mdomo, na neno lilikuwa tayari kwenye ulimi. Lakini alikuwa ameniita mimi kwa sababu moja tu.

"Kimya, Balozi."

"Kimya kabisa?"

"Kabisa."

Nilidhani nimemvunja moyo. Alifumba macho, akafikiri, kisha akaitikia kwa kichwa polepole kama alivyofanya kesi inapoeleweka.

"Basi hajaondoka. Anajaza kifua," alisema. "Alikuwa ananisubiri humo humo ndani."

Nilihisi kitu wakati ule ambacho naweza kukisema kama kilivyokuwa. Unywele uliotoka kwenye kilemba changu, karibu na maungio ya bomba ambapo gundi ya fundi ilikuwa imeacha kijitundu, ulivutwa. Haukupeperuka nje. Uliingia, taratibu, ukanyooka kuelekea tunduni. Nilitoa sikio langu kwenye bomba upesi.

Balozi aliona. Alitabasamu kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi.

"Kafungue dirisha la watoto," aliniambia.

"Liko wazi, Balozi. Naliona hapa."

"Kalifungue tena."

Nilikwenda. Lilikuwa wazi, mbao zote mbili zimegusa ukuta. Nililisukuma hata hivyo, likagonga ukuta, ili asikie. Nilipogeuka alikuwa ameinamisha kichwa, mikono imelegea mapajani, viganja juu. Bibi alifika kabla yangu. Hakupiga yowe. Alimvua kofia, akamtengeneza shingo, akakaa chini, akamshikilia asiporomoke.

Tulikuwa bado hatujatandika mkeka wa kumlaza, Mama Kulwa akiwa ameziba mdomo kwa kanga ili watoto wasisikie, bomba lilipoanza. Lilianza chini sana, likapanda, likavuma kuliko siku zote, kwa muda mrefu, mpaka kigoda kilichoegemezwa kwake kikatetemeka. Upepo haukuwepo. Majirani waliokuwa wakija walisimama njiani.

Bibi, kichwa cha mumewe kikiwa kifuani pake, alilisikiliza mpaka mwisho.

"Anueni udaga," alisema. "Mvua inakuja."

Tukaanua.